Supu ya Kasan

Iyunga, Mbeya
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Zena,

Desturi ya barua zetu ni mwandishi aseme kwanza kwamba yeye ni mzima, kisha aseme kwamba hofu yake iko kwa yule aliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo. Wewe hujawa mbali. Nakusikia hapo uani ukimsaidia mama yako kukunja blanketi, na hofu imeshanijaa. Utaona mwenyewe herufi zilivyokaa.

Basi la Iringa linaondoka kesho asubuhi. Habari za sabuni, za kanga, za kufunga sanduku kwa kamba na kutolala na dirisha wazi, mama yako amekupa zote na amezirudia mara tatu. Sina la kuongeza. Mimi nina mambo mawili ambayo ilinipasa niyaseme kwa mdomo. Moja lina miaka zaidi ya kumi. La pili halijafika mwezi. Leo mchana tulipokuwa tunakula nilifungua kinywa niyaseme, nikashindwa, nikakuongezea tambi kwenye bakuli.

Umeniuliza tena leo, kama unavyoniuliza tangu ukiwa na miaka saba, supu ile ya tambi nilijifunza wapi. Ulikuwa umesimama mlangoni unacheka, kwa sababu nilikuwa nimefunga miguu kwa kitambaa safi na ninakanyaga donge la unga wa ngano kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Nikakujibu jibu lile lile: jeshini. Mama yako naye hana jibu zaidi ya hilo. Sasa nakuandikia lililobaki.

Nilikuacha una miaka mitatu nikaenda vitani. Nilikuwa mpishi wa kombania. Watu hudhani mpishi hukaa nyuma na masufuria yake, lakini kule Burma hapakuwa na nyuma. Siku hiyo tulikuwa tunapita msituni kwa mstari, nyumbu wamebeba vyombo, mvua inatupiga tangu alfajiri, na mimi nimeshika kamba ya nyumbu wa mwisho. Risasi zikaanza kutoka upande wa kilimani. Nyumbu wangu akapiga magoti kama anayetaka kunywa maji, akalala ubavu. Wenzangu wakajitupa chini wakaanza kujibu. Mimi nikakimbia.

Wazee wenzangu wakihadithia vita husema walipotea njia, au walitenganishwa na wenzao. Mimi sikupotea. Nilikimbia, na bunduki niliitupa kwa sababu ilikuwa inanasa kwenye matawi. Niliendelea kukimbia hata baada ya milio kuisha, na nilipochoka nikatambaa nikajificha kwenye mizizi ya mti kando ya kijito. Nilikaa hapo siku mbili bila kula. Homa ikanishika. Kila tawi likivunjika nilijiuma mkono nisipige kelele.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia harufu. Mimi ni mpishi, hata nikiwa nakufa pua yangu inafanya kazi. Kilikuwa kitunguu saumu kinakaangwa, na tangawizi, na nyuma yake kitu ambacho sikukijua. Nilifahamu vizuri kwamba katika msitu ule anayepika anaweza kuwa adui. Njaa ikanisukuma. Nikatokea mahali palipo wazi, nikaona kibanda cha mianzi, na mbele yake mtu mdogo mwembamba amechuchumaa karibu na chungu. Amevaa koti la jeshi la Wajapani. Mkononi ana kisu kirefu, na mbele yake, juu ya ubao, anakata tambi.

Akaniona. Akasimama na kisu chake. Nikaanguka, na kwa kuwa niliamini saa yangu imefika, nikatoa shahada kwa sauti. Nilikuwa nimefumba macho. Niliposubiri na kisu hakija, nikafumbua. Amekiweka chini. Midomo yake inatetemeka kama yangu.

"Assalaam alaikum," akasema, kwa lafudhi ambayo sijapata kuisikia tena.

Salamu hiyo nimeisikia kila siku ya maisha yangu, nimezaliwa ndani yake pale Iringa mjini kwa babu yako. Nadhani siku ile ndiyo niliyoisikia kweli.

Jina lake lilikuwa Kasan. Alijipiga kifua akasema, "Kasan, Jawa," na mimi nikajipiga changu nikasema Juma. Nikafahamu baadaye kwamba Kasan ndilo Hasani letu, jinsi kwao wanavyolitamka. Alikuwa ananiogopa kuliko nilivyomwogopa. Wajapani walikuwa wamemwambia kwamba askari weusi wanakula watu. Alinionyesha kwa kujiuma mkono wake na kunielekezea kidole, na alipoona nacheka, naye akacheka, kisha akanipa bakuli.

Tulikaa pamoja siku tatu. Hatukuwa na lugha, lakini tulikuta maneno. Akisema dunia, ni dunia yetu hii. Akisema akal, ni akili. Kabar kwake ni habari. Tulikuwa tukiokota neno moja moja kama watoto wanaookota kuni, na kwa ishara nikapata kisa chake. Alikuwa mkulima wa mpunga katika kisiwa cha Jawa. Walikuja kijijini kwao wakasema kuna kazi ya muda mfupi. Wakampandisha meli, wakamshusha nchi asiyoijua, wakampa sururu achimbe njia ya reli. Wenzake walikufa wengi mpaka aliacha kuhesabu kwa vidole, akawa anafungua tu viganja na kuvifunga. Kisha mpishi mmoja wa Kijapani akamchukua amsaidie kubeba masufuria. Jeshi lilipokimbia, mpishi yule alimwacha na nusu gunia la unga wa ngano, samaki wakavu, koti lake, na kopo la maji meusi ya chumvi yanayotengenezwa kwa maharage.

Supu ilikuwa ya yule mpishi. Wajapani huchemsha samaki wadogo waliokaushwa, wanachuja, wanatia yale maji meusi, kisha tambi nene zilizokandwa kwa miguu. Kasan alijifunza yote hayo kwa mateke. Lakini yeye alikuwa Mjawa, na kwake supu ile ilikuwa imepooza. Basi akiwa peke yake msituni akaipikia viungo vya kwao alivyovikuta kwenye bustani iliyoachwa: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mbegu za giligilani, mchaichai, na mzizi mmoja mweupe unaofanana na tangawizi lakini unanukia kama dawa, ambao nimeutafuta hapa kwetu miaka yote sijaupata. Alivisaga juu ya jiwe. Akavikaanga polepole. Mimi nilitaka kumwaga maji ya samaki mara moja, kwa njaa. Akanishika kifundo cha mkono akanizuia, mpaka ile harufu mbichi ikaondoka na mafuta yakajitenga pembeni. Ndipo akaniachia. Leo umeona nilivyokushika mkono wewe ulipotaka kumwaga maji mapema. Nilimwona yeye.

Alinilisha kwa mkono wake siku ya kwanza, kwa sababu bakuli lilikuwa linanimwagikia. Akanifuta jasho la homa kwa kilemba chake. Aliniswalisha, maana mimi sikuweza kusimama, na yeye akaketi makusudi ili nisione haya ya kuswali nimekaa.

Siku ya nne ikaja doria ya kombania yetu. Tambi zilikuwa zimeshatiwa kwenye supu inayochemka. Kasan akasikia miguu, akainua mikono yote miwili juu. Wakatokea askari sita na sajini wetu, mtu ninayemjua, tuliyekula naye sahani moja. Aliponiona alifurahi. Akasema walikuwa wameshaniandika kuwa nimekufa. Kisha akatazama lile koti.

"Huyu alikuteka?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ananipa jibu tayari, kama mtu anayekupa kiti. Nikisema hapana, swali la pili lingekuwa bunduki yangu iko wapi na siku zote hizo nilikuwa wapi, na nilikuwa nimewahi kuona askari waliokimbia wanavyofanywa. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri, Zena. Sitakudanganya kwamba nilishtukizwa. Nikamtazama sajini, nikaitikia kwa kichwa.

Kasan hakujua Kiswahili, lakini kichwa kikiinama kila mtu anaelewa. Walimfunga mikono nyuma. Hakunitazama. Alitazama chungu, akanionyesha kwa kidevu niipue supu, tambi zisije zikavimba. Nikaipua. Ndilo jambo la mwisho aliloniomba, na ndilo pekee nililomtendea.

Wakamchukua wawili wakatangulia naye. Waliobaki wakaila ile supu. Sajini akasema hajala kitu kama hicho tangu atoke kwao. Na mimi nilikula. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo, kwamba nilikula na nikaona tamu.

Baada ya siku chache nilikwenda kumwona kapteni nimweleze ukweli. Kapteni alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili vizuri, na mkalimani alikuwa sajini yule yule. Sajini akanivuta pembeni akanisikiliza. Kisha akaniuliza kwa upole amwambie kapteni nini, kwamba nilikimbia? Nikasema basi, tuache. Mateka walikuwa wameshapelekwa pwani. Nikarudi kwenye masufuria yangu.

Niliporudi nyumbani ulikuwa na miaka saba na ulijificha nyuma ya mama yako. Nikikukaribia unalia. Wiki nzima ulikuwa unakula chumba kingine. Sikujua nifanye nini, mimi mtu ninayejua kupika tu. Nikanunua unga wa ngano kwa mkulima wa Uyole, nikatafuta usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, nikawachemsha mahali pa samaki wa Burma, na kwa kuwa maji meusi sina, nikaunguza sukari guru nikaitia chumvi. Haikuwa ile hasa. Lakini ulikuja mlangoni kwa harufu, ukasimama, ukakaa. Ukamaliza bakuli ukaninyooshea uongezewe. Nikatoka uani nikalia, mama yako akadhani ni moshi.

Tangu hapo umeiita supu ya sikukuu. Nikikumbuka sasa, sikuwahi kuipika siku ya sikukuu hata mara moja. Niliipika ulipougua surua. Niliipika mama yako alipolazwa na uzazi ukamshinda, tukamzika yule ndugu yako ambaye hukumwona. Niliipika kila nilipoogopa, kwa kuwa mikono inapokanda na miguu inapokanyaga, angalau mwili una kazi ya kufanya.

Mwaka ule nilipokwenda Iringa kumzika shangazi, tulikaa matangani na mtu mmoja wa Ilula ambaye naye alikuwa Burma. Akasema yeye alilinda mateka karibu na bandari. Katika mazungumzo akamtaja Mjawa mmoja mwembamba aliyewapikia walinzi tambi za viungo na kuswali nao, na kwamba mwishoni ilijulikana hakuwa askari, akatiwa katika meli pamoja na Wajawa wenzake warudishwe kwao. Ilibaki niulize jina lake tu. Sikuuliza. Wajawa walikuwa wengi kule, na niliogopa atataja jina lingine. Nikaondoka na habari nusu, na nusu hiyo nimeishi nayo. Yule mtu wa Ilula alifariki mwaka jana.

Hilo ni la kwanza. Sasa la pili, na hili ni gumu zaidi, maana linakuhusu wewe.

Barua yako ya kuitwa kwenye mafunzo ya unesi haikuchelewa njiani. Niliichukua posta kwa mkono wangu siku ishirini na moja kabla sijakupa. Niliisoma nimesimama barabarani, nikaikunja, nikaja nayo nyumbani nikaiweka chini ya debe la unga. Kila siku nilisema nitampa kesho. Wewe ulikuwa unakwenda posta na kurudi mikono mitupu, na mimi nakuuliza, "Vipi, mama, bado?" Nilikuuliza hivyo, Zena, nikiwa naijua ilipo.

Nilijipa sababu nyingi. Barabara ya kupita Makambako wakati wa mvua, magari yanayoteleza. Wagonjwa wa kifua kikuu utakaowainua kwa mikono yako. Maiti. Madaktari na wakubwa usiowajua, na wewe huna mtu wa kukusemea. Ni kweli nayaogopa hayo yote. Lakini siku niliyoyatoa yote mezani nikayatazama, chini yake nilikuta kwamba naogopa nyumba hii bila sauti yako. Nilitaka kukunyima maisha yako ili mimi nisiogope.

Jumanne iliyopita nilikuwa nyuma ya jiko, nikakusikia unamwambia mama yako taratibu, "Labda sikufaa." Ulisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kesho yake nikakuletea barua nikasema imekwama njiani. Uliruka. Ukanibusu mkono. Nikakubali kushukuriwa, kama nilivyokubali kuila ile supu.

Mama yako nimemwambia leo kabla ya chakula. Alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini, nikadhani ataondoka.

"Utamwambia wewe mwenyewe," akasema. "Mimi sitakusaidia kwa hilo."

Kisha akauchukua ungo akaendelea. Hajasema nami tangu saa ile, na ana haki.

Wenzako wameanza masomo siku tisa zilizopita. Utawakuta mbele, na utaulizwa kwa nini umechelewa. Najua utasema posta, kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha, na karani ambaye hakufanya lolote atabebeshwa. Kwa hiyo nimemwandikia matroni. Bahasha ya kaki iliyo pamoja na hii ni yake. Mpe mkononi siku ya kwanza, usiitupe kwa kunionea haya. Nimeandika mistari michache: kwamba binti yangu alikuwa tayari tangu siku ya kwanza, kwamba barua niliificha mimi, na kwamba namwomba asimhesabie yeye kosa hilo. Nimetia sahihi jina langu kamili na kazi yangu. Sijui atanionaje. Huenda akakutazama wewe kama mtoto wa mtu wa ajabu. Hilo nalo naliogopa, na bado nimeiandika.

Huko uendako utaogopa. Nisingependa ukaambiwa kwamba utazoea, maana mimi sijazoea. Ila kuna jambo moja nimelilipia, nalo nakupa. Ipo siku mkubwa wako atakuuliza swali ambalo limekuja na jibu lake, pengine kwa wema, pengine ili akuokoe. Atakuuliza kama ni yule mfagiaji aliyemwaga dawa, au kama mgonjwa alikataa chakula mwenyewe. Utaona ni rahisi kuinamisha kichwa tu. Siku hiyo kaa kimya kidogo kwanza. Pumua. Halafu sema ulichokiona, hata kwa sauti ya kutetemeka. Mimi nilidhani mtu jasiri ni yule asiyetetemeka, na kwa kuwa natetemeka, nikajiona sina nafasi. Kasan alikuwa anatetemeka aliponipa salamu.

Na ukishindwa, maana utashindwa mara nyingine, rudi siku hiyo hiyo ukaseme. Usisubiri mpaka mateka wapelekwe pwani.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya sanduku, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshafika Iringa. Nilikwenda hata nikalifungua sanduku. Halafu nikaona hivyo ndivyo nilivyofanya kule msituni, kutupa kitu na kukimbia. Kwa hiyo nimekuita, na umeitika, nasikia unanawa mikono. Nitakupa hii mkononi, bado kuna mwanga. Nitakaa kwenye kigoda hapo uani unapoweza kuniona, mpaka uisome yote.

Ukimaliza, njoo uniambie lolote ulilo nalo, kwa sauti yoyote. Sitainuka.

Ni mimi baba yako,
Juma